Mchoro wa Zamani na Dai Jipya la Hataza

Mnamo mwaka 1964 meli iliyoitwa Al-Kuwait, iliyokuwa imepakia maelfu ya kondoo, ilipinduka na kuzama katika bandari ya Kuwait. Hofu ikawaingia wenyeji, kwani nchi hiyo haina mito, na sehemu kubwa ya maji yao ya kunywa ilitoka katika mitambo iliyovuta maji ya bahari na kuyaondoa chumvi. Mizoga ile ikioza bandarini, maji hayo yangechafuka. Meli ilipaswa kuinuliwa upesi, na tena bila kuvunjika. Aliyeifanya kazi hiyo ni mvumbuzi mmoja wa Denmark, Karl Krøyer. Aliingiza ndani ya meli, kwa kupitia bomba, vitufe vya plastiki nyepesi iliyofurishwa, ile iitwayo polistirini, ambavyo idadi yake hutajwa kuwa milioni 27 hivi. Vitufe viliyafukuza maji vikashika mahali pake, na meli ikaibuka.

Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1949, jarida moja la katuni la Marekani lilikuwa limechapisha hadithi ya watoto iliyochorwa na Carl Barks. Humo bata mashuhuri Donald Duck na wapwa zake wanaiinua mashua ya anasa iliyozama kwa kuijaza vimpira vya mpira wa meza, navyo vinapelekwa chini kwa bomba. Husimuliwa mara nyingi kwamba Krøyer alipoomba hataza huko Uholanzi, ofisi ya nchi hiyo ilimkatalia kwa kumwonyesha katuni hiyo. Masimulizi hayo yana utamu wake, lakini hati ya kuyathibitisha haijapata kuonyeshwa hadharani, na huko Uingereza Krøyer alipewa hataza yake. Basi tusiyachukue kama historia. Hata hivyo swali lililomo ndani yake ni la haki, na wakaguzi wa hataza hukutana nalo kila siku: je, mchoro peke yake, usio na maelezo ya kitaalamu wala hesabu, unaweza kuliangusha dai la uvumbuzi lililoandikwa miaka mingi baadaye?

Kabla ya kujibu, yafaa tuelewane juu ya maneno. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila idhini yake, kwa muda ambao katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Kwa upande wake yeye hana budi kuueleza uvumbuzi huo waziwazi, ili muda ukiisha kila mtu aweze kuutumia. Mwishoni mwa maelezo huandikwa madai. Dai ni sentensi inayotaja, kipengele kwa kipengele, kile ambacho mwombaji anasema ni chake. Kazi yake ni kama ile ya vigingi vya mpaka wa shamba.

Sharti la kwanza la dai ni upya. Mambo yote yaliyokwisha kufikia umma kabla ya siku ya maombi huitwa maarifa yaliyotangulia. Ikiwa miongoni mwa hayo kuna hati moja inayoonyesha vipengele vyote vya dai, kwa mpangilio ule ule, basi dai limetanguliwa na haliwezi kusimama. Msomaji aliangalie vema neno “moja”. Mkaguzi hawezi kuokota gurudumu katika kitabu hiki na ekseli katika kitabu kile, kisha akasema kuwa mkokoteni wa mwombaji umetanguliwa. Anaweza kusema kwamba kuunganisha vitu hivyo viwili kungemjia kwa urahisi fundi yeyote, na kwa hiyo dai halina hatua ya uvumbuzi. Lakini hiyo ni hoja nyingine, yenye vipimo vyake vingine.

Sheria zenyewe hazikuusahau mchoro. Sheria ya Miliki ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 23, inahesabu kuwa maarifa yaliyotangulia kila kitu kilichofikishwa kwa umma mahali popote duniani kwa njia ya maandishi, na ndani ya mabano inaongeza: pamoja na michoro na vielelezo vingine. Maneno karibu sawa na hayo yamo katika Kanuni ya 33 ya kanuni za Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1970 na ambao Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama wake. Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba mchoro unahesabiwa. Ubishi uko katika kujua mchoro umesema nini.

Mahakama za Marekani zililigusa jambo hili mapema. Mwaka 1928, katika shauri la Jockmus dhidi ya Leviton, Jaji Learned Hand aliletewa hataza ya kishikilio cha taa ya umeme iliyotengenezwa kwa umbo la mshumaa. Upande wa pili ulileta katalogi ya biashara iliyochapishwa kwa Kifaransa, yenye picha ya kifaa cha namna hiyo. Picha hiyo ilitosha kuitangulia hataza. Kifaa kilikuwa rahisi, na fundi wa taa aliyekitazama hakuhitaji kuambiwa zaidi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1931, katika shauri la Bager, mahakama nyingine ya nchi hiyo ilisema wazi kwamba kitu chaweza kuelezwa kwa michoro pekee kama kinavyoweza kuelezwa kwa maneno.

Sababu ya kanuni hiyo si ngumu kuiona. Mchoro hauna lugha. Fundi wa Mwanza asiyejua Kijapani anaweza kuufungua mchoro wa Kijapani wa pampu ya mkono akaona vali iko wapi na mkono umeshikizwa wapi. Akikwisha kuona, maarifa yameshamfikia, na ingekuwa dhuluma kumruhusu mtu mwingine aje baadaye kumdai ada kwa jambo ambalo tayari lilikuwa wazi mbele ya macho yake. Hapa ndipo penye uzito wa suala lote. Hataza ikitolewa kwa jambo lililokwisha kujulikana, hunyang'anya umma mali yake. Ikikataliwa kwa sababu ya mchoro usiofundisha kitu, humnyang'anya mvumbuzi jasho lake.

Sasa turudi kwa vile vimpira, maana vinatusaidia kuona maana ya “kufundisha”. Kimpira cha siku zile kilikuwa na kipenyo cha milimita 38 (siku hizi ni milimita 40) na uzito wa gramu 2.5 hivi. Ujazo wake ni karibu sentimita za ujazo 28.7. Kikizamishwa katika maji ya bahari, ambayo kila sentimita ya ujazo ina gramu 1.025 hivi, kinasukuma kando maji ya gramu 29.4. Kwa kanuni ya Archimedes, kila kimpira kinainua gramu 27 baada ya kujibeba chenyewe. Ili kuinua uzito wa tani moja ndani ya maji vinahitajika vimpira 37,000 na zaidi kidogo. Hesabu hii haimo katika katuni, wala haikupaswa kuwemo. Fundi wa kuopoa meli anaijua tangu shuleni. Anachokihitaji ni lile wazo: usiivute meli kutoka juu, bali ijaze kwa bomba vitu vingi vidogo vinavyoelea. Wazo hilo katuni inalionyesha bila kuficha.

Kwa hiyo tuseme dai lingeandikwa hivi: “Njia ya kuinua chombo kilichozama, ambayo ndani yake vitu vyenye kuelea huingizwa katika chombo hicho kwa bomba.” Kwa maoni yangu dai la namna hiyo lingetanguliwa na katuni. Mkaguzi asingejali kwamba aliyechora alikusudia kuwachekesha watoto, au kwamba mabaharia wenyewe ni mabata. Lakini tuseme dai lingeongeza kuwa vitu hivyo ni chembe za polistirini zinazofurishwa kwa mvuke pale pale kwenye eneo la kazi, kisha kusukumwa chini pamoja na maji. Hayo hayamo katika katuni. Kimpira cha mezani ni aina moja ya kitu chenye kuelea, na kwa hiyo kinatangulia dai linalotaja vitu vyote vyenye kuelea. Hakitangulii dai linalotaja aina nyingine mahususi. Ni kama mtu aliyekwisha kuonyesha embe: amekuzuia usidai kwamba wewe ndiwe wa kwanza kuonyesha tunda, lakini hajakuzuia kuhusu nanasi. Ikiwa nanasi lina hatua ya uvumbuzi juu ya embe, hilo litapimwa peke yake.

Ugumu unaanza pale mchoro unapoonyesha mambo mengi kwa pamoja, mengine kwa makusudi na mengine kwa bahati. Tutunge mfano ulio karibu nasi. Tuseme katika kijitabu cha mafunzo kilichochapishwa miaka 30 iliyopita kuna mchoro wa mkato wa jiko la mkaa. Tunaona ukuta wa bati uliobanwa katikati kama kiuno, na ndani ya sehemu ya juu kuna chungu cha udongo kilichokaa juu ya kiuno hicho. Kitako cha chungu kina matundu, na kila tundu ni jembamba juu na pana chini. Chini ya mchoro yameandikwa maneno matatu tu: “Jiko la mkaa.”

Mwombaji wa kwanza anadai jiko lenye ukuta wa bati na chungu cha udongo kilichoegemea kiuno cha ukuta. Huyo ameshindwa, kila alichokitaja kinaonekana. Mwombaji wa pili anadai jiko ambalo udongo wa chungu chake umechanganywa na majivu ya pumba za mpunga kwa kiwango fulani. Huyo mchoro haumgusi kabisa, maana wino hauonyeshi kilichomo ndani ya udongo. Mwombaji wa tatu anadai chungu ambacho unene wake ni moja ya sita ya kipenyo chake, na anaeleza kwamba uwiano huo hupunguza upotevu wa joto. Mkaguzi akichukua rula na kuupima mchoro wa kale, anakuta milimita 5 na milimita 30. Je, dai limetanguliwa?

Jibu la mahakama nyingi ni hapana. Mwaka 1977, katika shauri la Wright, Mahakama ya Rufani ya Forodha na Hataza ya Marekani ilisema kwamba ikiwa maelezo hayataji vipimo vyovyote, hoja zinazotokana na kupima mchoro zina thamani ndogo. Mwaka 2000, katika shauri la Hockerson-Halberstadt dhidi ya Avia lililohusu kiatu cha michezo na mfereji ulio katika kisigino chake, mahakama iliyoirithi kazi hiyo ilikariri kwamba michoro ya hataza haiweki uwiano kamili wa sehemu ikiwa maandishi yamenyamaza. Huko Ulaya, Bodi ya Rufani ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliamua hivyo hivyo mwaka 1985 katika shauri namba T 204/83, lililohusu kifaa cha aina ya Venturi, yaani bomba lenye koo jembamba. Bodi hiyo ilikubali kwamba kipengele kinachoonekana kwenye mchoro tu ni sehemu ya maarifa yaliyotangulia, ilimradi mjuzi wa kazi hiyo aweze kupata humo fundisho la kiufundi hata bila maelezo mengine. Vipimo vinavyopatikana kwa kuipima tu picha ya kuonyesha mpangilio ikavikataa.

Mwanafunzi wa michoro ya ufundi hatashangazwa na hukumu hizi. Mwalimu wake amemwambia mara ngapi asipime karatasi kwa rula, bali asome vipimo vilivyoandikwa? Karatasi hunyauka na kutanuka, mtambo wa kunakili hupunguza au kukuza, na mchoraji wa hataza mara nyingi hunenepesha kusudi kile anachotaka kionekane. Skrubu ya milimita 2 huchorwa kubwa kama kidole ili nyuzi zake zionekane. Mchoro wa namna hiyo husema “hiki kiko juu ya kile, kimeungwa hapa, kinazunguka hivi”. Hausemi “kwa milimita kadhaa”. Ila mchoraji akiandika skeli, au akiandika kipimo kando ya mshale, basi amesema, na aliyoyasema yatahesabiwa.

Amebaki mwombaji wa nne, naye ndiye anayenipendeza zaidi. Anadai matundu yanayopanuka kuelekea chini, na anaeleza faida yake: majivu hayakwami. Mchoraji wa kale hakulisema neno hilo. Huenda alichora hivyo kwa sababu mfinyanzi wake alitoboa kwa kijiti kilichochongoka, asifikirie majivu hata kidogo. Je, bahati ya mtu inaweza kutangulia juhudi ya mwingine? Mwaka 1972, katika shauri la Mraz, mahakama ile ile ya Marekani ya rufani za hataza ilisema kwamba ingawa michoro ya hataza si michoro ya karakana, mambo inayoyaonyesha kwa uwazi hayawezi kupuuzwa, hata kama umbo lile lilitokea bila kukusudiwa na bila kuelezwa. Mwaka 1979, katika shauri la Aslanian, ilisisitiza kwamba mchoro upimwe kwa yale unayomwonyesha na kumdokezea mjuzi wa kazi hiyo. Kwa hiyo kama upanuko wa matundu unaonekana dhahiri katika mkato ule, mwombaji wa nne naye ameanguka, ijapokuwa ndiye wa kwanza kujua sababu yake.

Wako watakaoona hukumu hiyo kuwa kali. Mimi naiona ya haki. Aliyelitengeneza jiko kwa kuufuata mchoro wa zamani alikuwa akipata faida ya matundu hayo tangu zamani, ajue asijue, na haifai leo aambiwe aache. Hata hivyo ni lazima tukiri kwamba mpaka kati ya “kuonekana dhahiri” na “kupimwa kwa rula” si mstari ulionyooka. Kwamba tundu ni pana chini kuliko juu, jicho linaona bila rula. Kwamba ni pana mara mbili, hapo tumeshaanza kupima. Kati ya hayo mawili ndipo mawakili hupata riziki yao. Hata Bodi za Rufani za Ulaya zimewahi kukubali, katika shauri namba T 748/91, kwamba uwiano wa ukubwa waweza kupatikana hata katika mchoro wa kuonyesha mpangilio, ikiwa namna ulivyochorwa inampa mjuzi fundisho anaweza kulitekeleza.

Liko pia sharti la kutekelezeka. Leonardo da Vinci, mwishoni mwa karne ya 15, alichora chombo chenye bawa la mzunguko kama skrubu, kilichokusudiwa kupanda angani. Wengi hukiita helikopta ya kwanza. Mchoro huo usingeitangulia hataza ya helikopta halisi, kwa sababu mbili. Kwanza, fundi akiufuata hatapaa: misuli ya watu haina nguvu ya kutosha kukiinua chombo hicho, wala mchoro hauonyeshi jinsi ya kukizuia kisizunguke chenyewe kinyume cha bawa lake. Pili, kwa karne nyingi daftari hilo halikuwa mbele ya umma. Lilichapishwa mwishoni mwa karne ya 19 tu. Mchoro uliofungiwa kabatini haujatangulia chochote mpaka kabati lifunguliwe.

Jambo hilo la pili linatufikia sisi wenyewe shuleni. Mwanafunzi anayechora kifaa chake katika daftari na kumwonyesha mwalimu wake kwa siri hajakifikisha kwa umma. Akikichora katika bango na kulitundika kwenye maonyesho ya sayansi, ambako wazazi na wageni wanapita, amekifikisha. Na maarifa yaliyotangulia hayabagui mwenyewe. Mchoro wako ulioutundika wewe waweza kuliangusha dai lako wewe. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipojitangazia uvumbuzi wake. Mkataba wa Hataza wa Ulaya hautoi muhula wa jumla wa namna hiyo: bango lililotundikwa Jumatatu linatosha kuliharibu dai lililopelekwa Jumanne, mradi bango hilo linaonyesha vipengele vyote. Mwalimu anayeona katika bango kitu ambacho hajawahi kukiona popote afanye uchunguzi kwanza, na kama kifaa kinastahili, maombi yapelekwe ofisi ya hataza ya nchi au kwa ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare, kabla ya kupigiliwa msumari wa kwanza ukutani. Bango lisiloonyesha mkato wa ndani, bali sura ya nje tu, halimzuii mtu kudai yaliyomo ndani.